Somo la Afya: Kwa Nini Kisukari Huharibu Neva za Miguu, na Kazi ya Maikro-RNA

Watu wenye kisukari huja kituo cha afya na malalamiko ya miguu ya aina nyingi. Mmoja husema nyayo zinawaka moto usiku hata hawezi kuvumilia uzito wa shuka. Mwingine husema anahisi kama anakanyaga pamba, au kama sisimizi wanamtembea vidoleni. Wa tatu hana lalamiko lolote, ila ameona damu kwenye soksi. Alikanyaga msumari asubuhi, ukapenya kiatu, akafanya kazi shambani kutwa nzima bila kujua.

Wote watatu wana tatizo moja. Neva za miguu yao zimeharibiwa na kisukari. Na yule asiyehisi chochote ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wenzake, kwa maana maumivu ni mlinzi. Mlinzi akishalala, kidonda kidogo hupata nafasi ya kuwa kikubwa, na kidonda kikubwa kinaweza kumgharimu mtu mguu.

Takriban nusu ya watu wenye kisukari hupata uharibifu wa neva katika maisha yao. Wengi hawajui hata kama wana kisukari. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini Kenya walisema hawajawahi kupimwa sukari kwenye damu.

Somo hili linaeleza jinsi uharibifu huo unavyotokea ndani ya mwili. Limeingia ndani kidogo kuliko masomo yetu ya kawaida, kwa sababu wakazi wengi wamesikia habari za maikro-RNA redioni na kwenye simu, na wapo wanaoanza kuuziwa dawa kwa jina hilo. Ukimaliza kusoma utaweza:

- kueleza kwa nini kisukari huanza kudhuru neva za miguu kabla ya sehemu nyingine;
- kueleza maana ya mchochota na jinsi sukari nyingi inavyouchochea;
- kueleza maikro-RNA ni nini na utafiti wake umefika wapi;
- kupima hisia za vidole vya miguu nyumbani na kujua hatua ya kuchukua.

1. Neva na sababu ya miguu kuumia kwanza

Neva, ambazo wengine huziita mishipa ya fahamu, ni nyuzi zinazobeba ujumbe kati ya ubongo, uti wa mgongo na mwili mzima. Zipo zinazopeleka amri, kwa mfano ubongo unapoamuru mguu uinuke. Zipo zinazorudisha habari: joto, baridi, mguso, maumivu. Zipo pia zinazoendesha kazi tusizozifikiria, kama mapigo ya moyo, jasho na usagaji wa chakula.

Neva ndefu zaidi mwilini huanzia sehemu ya chini ya mgongo na kufika kwenye vidole vya miguu. Kwa mtu mzima, uzi mmoja wa neva hiyo unaweza kuwa na urefu wa takriban mita moja, ingawa ni mwembamba kuliko unywele. Chakula na vifaa vya kuutengeneza hutoka kwenye seli iliyo karibu na uti wa mgongo, kisha husafirishwa safari hiyo yote. Njia ikiharibika, wa mwisho kwenye mstari ndiye anayekosa kwanza, kama vile nyumba iliyo mwisho wa bomba la maji.

Ndiyo sababu ganzi ya kisukari huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili, ikapanda taratibu hadi kwenye vifundo na miundi. Ikifika karibu na magoti, mara nyingi vidole vya mikono navyo huanza. Madaktari husema mgonjwa anakuwa kama mtu aliyevaa soksi na glavu.

Neva haiko peke yake. Imezungukwa na seli za Schwann, ambazo huilisha na kuizungushia ala ya mafuta iitwayo mayelini, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Ala hiyo huufanya ujumbe usafiri haraka. Pembeni kuna mishipa midogo sana ya damu inayoiletea neva oksijeni. Kisukari hushambulia vyote vitatu: uzi wenyewe, seli zinazoulinda na mishipa inayoulisha.

2. Mchochota ni nini?

Ukijikata kwa panga, sehemu ile huvimba, huwa nyekundu, hupata joto na kuuma. Hali hiyo ndiyo mchochota. Chembe nyeupe za damu zimeitwa, zimefika, zinaua vijidudu na kuondoa uchafu. Baada ya siku chache kazi imekwisha, uvimbe unashuka na kidonda kinapona. Mchochota wa aina hii ni rafiki. Bila huo, mkwaruzo mdogo ungetuua.

Upo mchochota mwingine usioonekana. Hauvimbishi ngozi, hauleti homa, na mtu anaweza kuishi nao miaka bila kuujua. Ni moto mdogo unaofuka ndani ya mishipa ya damu, ini, mafuta ya tumboni na neva. Haujaitwa na kidonda wala kijidudu, kwa hiyo hakuna kazi itakayokwisha ndipo uzime. Unaendelea kufuka, na kila siku unaunguza kidogo. Kwa mwenye kisukari, mchochota wa namna hii ni mojawapo ya njia kuu ambazo neva huharibiwa.

3. Sukari huwashaje moto huo?

Sukari ya damu ikikaa juu kwa muda mrefu, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja.

Kwanza, seli za neva hazina uwezo wa kuizuia sukari isiingie. Sukari nyingi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa kitu kiitwacho sobitoli. Kazi hiyo hula akiba ambayo seli ingeitumia kujikinga na sumu zake yenyewe.

Pili, vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu ndani ya seli huzidiwa na kazi. Kama jiko linalofuka kwa kujazwa kuni kupita kiasi, hutoa mabaki makali yanayochoma protini, mafuta na hata DNA ya seli.

Tatu, sukari hujibandika kwenye protini za mwili na kuzibadilisha. Kipimo cha HbA1c, ambacho daktari hutumia kujua wastani wa sukari yako ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, hupima jambo hilohilo: kiasi cha sukari iliyojibandika kwenye protini ya chembe nyekundu za damu. Protini zilizobadilika hivyo zikikutana na seli, seli huziona kama dalili ya hatari.

Nne, watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili wana pia mafuta mengi kwenye damu, shinikizo la damu na uzito wa tumboni. Mafuta ya tumboni yenyewe hutoa kemikali za mchochota.

Hatari hizo zote huishia mahali pamoja. Ndani ya seli kuna swichi ambayo wanasayansi huiita NF-kB. Seli ikihisi hatari, swichi huwashwa, na jeni za mchochota huanza kufanya kazi. Seli hutengeneza kemikali za kuita msaada, kama TNF-alfa, intaleukini-1 na intaleukini-6. Chembe nyeupe huja na kumwaga kemikali zaidi. Mishipa midogo ya damu huvimba kuta zake na kuwa myembamba ndani, hivyo neva inakosa oksijeni. Seli za Schwann hudhoofika, mayelini hupungua, ujumbe hupunguza mwendo. Nyuzi zilizojeruhiwa huanza kutuma ujumbe wa maumivu hata pasipo kitu kinachouma. Huo ndio moto wa nyayo usiku. Nyuzi zilizokufa hazitumi chochote. Hiyo ndiyo ganzi.

Mtu mmoja anaweza kuwa na maumivu na ganzi kwa wakati mmoja, kwenye mguu uleule. Pia, maumivu yakiisha yenyewe bila matibabu, si lazima iwe habari njema. Huenda nyuzi zilizokuwa zikilia zimenyamaza kabisa.

4. Maikro-RNA: makarani wadogo wa seli

Mwili una njia za kuuwasha mchochota na njia za kuuzima. Hapa ndipo maikro-RNA zinapoingia.

Fikiria ofisi. DNA ni daftari kuu lenye maagizo yote. Halitoki kwenye chumba chake. Kazi ikihitajika, ukurasa mmoja hunakiliwa na nakala kutumwa nje kwa mafundi, ambao hutengeneza protini kulingana na maagizo. Nakala hiyo huitwa RNA mjumbe, nasi tutaiita barua.

Maikro-RNA ni kipande kifupi sana cha RNA, chenye herufi takriban 22 tu. Haibebi agizo la kutengeneza protini. Kazi yake ni kama ya karani anayesimama njiani kati ya daftari na mafundi. Akiona barua yenye maneno yanayolingana na yake, huishika. Ama huizuia isisomwe, ama huifanya ichanwe. Protini iliyoagizwa hupungua au haitengenezwi.

Mambo haya yaligunduliwa kwa mnyoo. Mwaka 1993, wanasayansi wawili Wamarekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walieleza jinsi kipande kidogo cha RNA kinavyonyamazisha jeni nyingine katika mnyoo wa urefu wa milimita moja. Wengi walidhani ni tabia ya mnyoo huyo peke yake. Mwaka 2000 kundi la Ruvkun lilieleza kipande kingine kinachopatikana kwa wanyama wengi, binadamu akiwemo, na dunia ikaanza kusikiliza. Mwaka 2024 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Leo inajulikana kwamba binadamu ana maikro-RNA zaidi ya elfu moja. Karani mmoja anaweza kusimamia barua nyingi, na barua moja inaweza kusimamiwa na makarani kadhaa.

5. Makarani wa mchochota

Kila maikro-RNA hupewa namba. Mbili zimechunguzwa sana katika mchochota: miR-146a na miR-155.

Karani miR-146a huzuia barua za protini mbili, IRAK1 na TRAF6, ambazo husaidia kuwasha swichi ya NF-kB. Kwa maneno mengine, yeye huzuia barua zinazoagiza moto. Watafiti nchini Marekani walionyesha mwaka 2006 kwamba swichi hiyo ya NF-kB ikiwashwa, yenyewe huongeza miR-146a. Moto unapowaka, humwita pia mzimaji wake. Ndivyo mwili wenye afya unavyohakikisha mchochota haupiti kiasi.

Karani miR-155 naye pia huzuia barua, lakini mojawapo ya barua anazozuia ni ya protini iitwayo SOCS1, ambayo kazi yake ni kutuliza chembe nyeupe. Yeye huzuia barua zinazoagiza maji. Akiwa mwingi, moto hupata nguvu.

Tazama jambo hili kwa makini. Makarani wote wawili wana kazi moja tu, kunyamazisha. Mmoja hutuliza mchochota na mwingine huuchochea, kwa sababu barua wanazozishika ni tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maikro-RNA ni nzuri au ni mbaya kwa mwili, bado hajakueleza kitu. Swali ni ipi, iko katika seli gani, na kwa kiasi gani.

Katika kisukari uwiano huu huvurugika. Kwenye neva za panya wenye kisukari, watafiti wamekuta miR-146a imepungua huku kemikali za mchochota zikiwa zimepanda. Mzimaji yupo, ila amezidiwa. Moto ambao ungezimwa kwa siku chache unaendelea miaka.

6. Utafiti umefika wapi?

Mwaka 2017, watafiti wa Hospitali ya Henry Ford mjini Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la panya wenye kisukari cha aina ya pili ambao neva zao zilikuwa zimeanza kuharibika. Waliwapa panya hao maikro-RNA ya kutengenezwa inayoiga miR-146a. Kemikali za mchochota zilipungua, damu ikapita vizuri zaidi kwenye neva, na ujumbe ukasafiri kwa kasi zaidi. Panya walihisi joto vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakutibiwa.

Hilo ni tumaini la kweli, kwa sababu dawa nyingi tulizo nazo za neva za kisukari hupunguza maumivu tu. Hazirudishi neva. Lakini kati ya panya na mgonjwa wa zahanati kuna safari ndefu, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni urefu. Neva ya panya ni ya sentimita chache. Yetu ni ya mita. Kilichoponya njia fupi huenda kisitoshe njia ndefu.

Ya pili ni kufikisha dawa. RNA huvunjwa haraka kwenye damu, na nyingi huishia kwenye ini kabla ya kufika kwenye neva.

Ya tatu ni kwamba karani mmoja hushika barua nyingi. Ukimwongeza ili azime mchochota wa neva, huenda akazuia pia barua ambazo mwili unazihitaji mahali pengine, zikiwemo za kupambana na maambukizi.

Watafiti pia wanachunguza kama maikro-RNA zilizomo kwenye damu zinaweza kutumiwa kama kipimo cha mapema, ili uharibifu wa neva ujulikane kabla ya ganzi. Tafiti nyingi za namna hiyo zimekuwa za watu wachache, na matokeo yake hayajalingana vya kutosha kuwa kipimo cha hospitali.

Kwa hiyo shika neno hili: kwa sasa hakuna dawa ya maikro-RNA iliyoidhinishwa kutibu neva za kisukari. Hakuna chai, unga, tembe wala mafuta ya kupaka yanayorekebisha maikro-RNA zako. Anayekuuzia kitu kwa maelezo hayo anauza jina la sayansi bila sayansi yenyewe. Hatari si pesa tu. Wagonjwa wengine huacha dawa zao za sukari wanapoanza bidhaa hizo.

7. Kinachoweza kufanywa leo

Huna haja ya kungoja dawa ya kesho. Mambo yanayowasha moto wa mchochota yanajulikana, na mengi yanaweza kupunguzwa.

Dhibiti sukari mapema. Mwaka 1993, uleule ambao maikro-RNA ya kwanza ilielezwa, matokeo ya utafiti mkubwa wa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza yalitangazwa huko Marekani. Waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60 wakilinganishwa na waliopata matibabu ya kawaida ya wakati huo. Kwa kisukari cha aina ya pili faida kwa neva ipo lakini ni ndogo zaidi, kwa sababu mafuta ya damu, shinikizo na uzito navyo huchangia. Ndiyo maana daktari hakupimi sukari peke yake. Kwa watu wazima wengi, lengo la HbA1c ni chini ya asilimia 7. Lako litapangwa na daktari kulingana na umri na hali yako.

Tembea, lima, cheza. Mazoezi ya mara kwa mara hupunguza kemikali za mchochota na kuusaidia mwili kutumia sukari. Mwenye ganzi achague mazoezi yasiyogonga nyayo sana, na avae viatu vinavyofunika vidole.

Punguza vinywaji vya sukari na vyakula vya ngano nyeupe. Ugali haukatazwi, tazama kiasi chake, na ongeza sukuma wiki, managu, terere, maharagwe au ndengu kwenye sahani. Chai inaweza kunywewa bila sukari.

Acha sigara. Moshi hubana mishipa midogo ya damu ambayo tayari inabanwa na kisukari.

Tunza fizi. Fizi zinazotoka damu ni mchochota wa kudumu, nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti.

Uliza kuhusu vitamini B12. Metformini ni dawa nzuri na usiiache, lakini ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza B12 mwilini, na upungufu huo pia huleta ganzi. Sababu nyingine za ganzi ni pombe nyingi, virusi vya UKIMWI, ukoma, na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hasa isipoambatanishwa na vitamini B6. Mwambie mhudumu historia yako yote ili asidhani kila ganzi ni ya sukari.

Maumivu ya neva yana dawa. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazisaidii, lakini amitriptilini, pregabalini, gabapentini na duloksetini husaidia wengi. Hizi hutolewa na daktari baada ya kukupima. Usinunue dukani kwa kukisia.

8. Jipime hisia za miguu nyumbani

Kipimo hiki kilianzishwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza. Hakihitaji kifaa. Unahitaji mtu mmoja wa kukusaidia.

Vua viatu na soksi, lala au kaa umenyoosha miguu, kisha ufumbe macho. Msaidizi wako aguse ncha ya kidole cha mguu kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asikwaruze, asirudie kidole alichokwisha kugusa. Kila ukihisi, sema "kulia" au "kushoto." Mpangilio ni huu:

- kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo;
- kidole gumba cha mguu wa kushoto, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo;
- kidole cha kati cha mguu wa kulia, kisha cha kati cha kushoto.

Jumla ni vidole 6. Ukikosa kuhisi 2 au zaidi, hisia zako zimepungua. Nenda kituo cha afya ukachunguzwe. Ukivihisi vyote, endelea kuchunguzwa miguu na mhudumu angalau mara moja kila mwaka, kwani kipimo cha nyumbani hakichukui nafasi ya kile cha hospitali.

9. Kanuni za miguu yenye kisukari

- Tazama miguu yako kila jioni, juu, chini na kati ya vidole. Kama huwezi kuinama, tumia kioo au mwombe mtu wa nyumbani.
- Osha kwa maji ya vuguvugu. Pima joto kwa kiwiko au kwa mkono wa mtu mwenye hisia nzuri. Usiloweke miguu kwenye maji moto na usiiote kwenye jiko.
- Kausha kati ya vidole. Paka mafuta kwenye nyayo na visigino, usipake kati ya vidole.
- Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kung'uta viatu na gambuti kabla ya kuvaa.
- Kata kucha kwa mstari ulionyooka. Usikate sugu kwa wembe.
- Ukiona funza, usimtoe kwa pini wala mwiba. Nenda kituoni.
- Kidonda, lengelenge, usaha, harufu au ngozi iliyogeuka rangi: nenda siku hiyohiyo.
- Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi na hauna kidonda, acha kuukanyagia na ufike hospitali haraka. Mchochota unaweza kuwa umeingia kwenye mifupa, na kila hatua unayopiga huivunja zaidi.

10. Maswali ya wakazi

Je, neva zilizokufa hufufuka? Nyuzi zilizodhoofika zinaweza kupata nafuu sukari na hali nyingine zikidhibitiwa. Zilizopotea zamani ni vigumu kurudi. Ndiyo sababu ya kuanza mapema.

Je, ganzi ni dalili ya kurogwa? La. Ni neva. Pima sukari kwanza. Muda unaopotea katika kutafuta mchawi ndio muda ambao kidonda hukua.

Sina kisukari. Somo hili linanihusu? Ndiyo, hasa ukiwa na uzito mkubwa, shinikizo la damu, au ndugu wa karibu mwenye kisukari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, kipimo hurudiwa ili kuthibitisha kisukari. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi kuanzia Septemba 2023 walipewa pia mashine ya kupima sukari. Muulize yule wa kijiji au mtaa wako.

11. Jipime ulivyoelewa

1. Kwa nini ganzi ya kisukari huanza vidoleni mwa miguu na si mapajani?
2. Taja tofauti kati ya mchochota wa kidonda na mchochota wa kisukari.
3. miR-146a na miR-155 zote hunyamazisha barua. Kwa nini moja hutuliza mchochota na nyingine huuchochea?
4. Jirani amekuambia ameacha metformini kwa sababu amenunua unga wa kurekebisha maikro-RNA. Utamwambia nini?
5. Nani nyumbani kwako atakusaidia kupima vidole 6 jioni ya leo?

Jadilini majibu nyumbani, kwenye chama au kwenye baraza la mtaa. Swali la 5 lijibiwe kwa vitendo. Wachukuaji wa jarida hili wanaombwa kumsomea mzee au jirani asiyeweza kusoma, hasa sehemu ya 8 na ya 9.